Samaki wa Baridi Wamemkataza Yaya Kurudi

Alunguli, Kindu, tarehe 14 Julai 2024

Kwa yaya wangu mpendwa Gédéon, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani lupangoni. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mgongo hauumi tena kwa baridi ya huko Norwe. Sisi tunaendelea kupambana na maisha, Mungu anatusaidia. Umeme njo ule ule, unakuja unapotaka. Habari za Mama nitakupa mbele kidogo.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu iko. Kwa simu hunipi nafasi, yaya. Nikikuuliza unakuja lini, unanijibu samaki. Kweli nimechoka na samaki wako. Huyo saumon mnayemfuga sijamwona kwa macho yangu hata siku moja, lakini naweza kufundisha darasa zima habari zake: kwamba mnamlea ndani ya wavu mkubwa baharini katikati ya milima, kwamba kwa baridi anakua polepole, kwamba kila mmoja anachomwa sindano ya chanjo akingali mdogo. Siku uliponiambia habari ya chanjo niliwaza tu kwamba hapa mtaani iko watoto ambao hawajapata yao.

Na kila mwaka samaki hao wanapata sababu mpya ya kukuzuia. Mara walishikwa na chawa wa baharini, ukasema mnangoja mashine ya kuwapiga kwa mwanga. Chawa walipopungua, bahari ikapata joto isilolizoea, samaki wakafa kwa wingi, likizo yako nayo ikafa. Sasa eti wakubwa wako wanasema kesho ya ufugaji katika nchi za baridi iko nchi kavu, ndani ya majumba yenye matangi, maji yanazunguka na kusafishwa usiku na mchana, hakuna chawa wala dhoruba. Ukasema jumba lenu likimalizika njo utakuja. Yaya, mimi majumba ya namna hiyo nayajua. Likimalizika watakuambia pampu imeharibika na fundi ni wewe.

Mashauri yako nayo yametuumiza. Ulimwambia Baba mudogo Anaclet kwamba wakati wa baridi samaki hali sana, apunguziwe chakula. Wewe ulikuwa unasema habari za kwenu. Yeye akaona asubuhi za kiangazi kilichopita zina ukungu, akavaa koti lake la zamani la kazi ya reli, akatangaza kwamba baridi imefika na tilapia zetu za bwawani zifunge. Mimi nilipeleka pumba na majani ya mihogo kwa kujificha, katika bwawa langu mwenyewe, kama mwizi. Aliponikamata alinigombeza mbele ya majirani kwamba napinga elimu ya Ulaya. Mwisho wa kiangazi tulitoa samaki wenye vichwa vikubwa na miili ya sindano. Anaclet alisema ni mbegu mbaya.

Hayo nayasamehe. Lakini kuna jambo moja unalolifanyia mchezo, nalo njo limenikalisha hapa na kalamu.

Unakumbuka mwaka wa 1998 ulivyotoka hapa kwa miguu, mji ukiwa umeingiliwa na askari. Sisi hatukujua ulielekea wapi. Ndipo Onema, yule mchimba mawe wa Kalima, akaja kutuambia kwamba alikuona umeanguka njiani na hukuinuka. Baba alilia matanga yako. Alifungulia bwawa lote maji, samaki wote wakatoka, wakubwa na wadogo, ili waliokuja kulia wapate kula, maana njia zilikuwa zimefungwa na sokoni hakuna kitu. Miaka ikapita, Baba mwenyewe akafariki, ndipo siku moja simu ikalia na ni wewe, unasema uko Norwe. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Lakini wazee walikuambia siku ile ile, nami nilikuwa nasikia: mtu aliyeliliwa akiwa hai, matanga yake hayatoki kwa simu. Lazima aje mwenyewe, asimame mlangoni, mama yake ammwagie maji miguuni kwa mkono wake, ndipo aingie. Wewe ulicheka. Ulisema unajijua u hai, inatosha. Mwaka jana ukashauri tuifanye desturi hiyo kwa video. Wazee walisikia aibu kwa niaba yako.

Sasa sikia jambo ambalo Mama alinikataza kukuambia. Alisema ukilijua utakuja kwa kuogopa, na yeye anataka uje kwa moyo. Tangu siku ya matanga yako, Mama analala chini. Wanawake wengine waliokuja kulia walikunja mikeka yao wakarudi kwao. Yeye hakuukunja wake. Kitanda ulichomnunulia kiko chumbani, hakijalaliwa. Ukipiga video ananiambia nimkalishe juu yake kwanza, ndipo nifungue picha. Ukizima, anashuka.

Yaya, simenti ile ya sakafuni imemwingia kifuani. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari amesema asilale tena chini, hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemwita padri. Jibu lake ni moja: siku atakayopanda kitandani kabla hujaingia mlangoni, amekubali kwamba Onema alisema kweli.

Wavu wenu una watu, matangi yenu yana watu, chawa wenu wana mashine. Mlango huu unakungoja wewe peke yako. Omba ruhusa, na wakikunyima, toka hivyo hivyo.

Juzi Mama aliniomba nitandike kitanda. Hakulia, alisema tu amechoka. Nilimdanganya kwamba shuka ziko kwenye kamba, hazijakauka, asije akapanda kabla hujafika. Lakini tuko kiangazi, yaya, na jua lote hili analiona.

Jirani yetu Anne anapanda ndege kwenda Kinshasa, nitampa barua hii aitie posta huko. Wabusu watoto, msalimie mke wako. Baba mudogo Anaclet anakusalimia na koti lake.

Mimi mdogo wako anayekungoja,

Francine