Kidole Kimoja Tu, Mama Mkubwa

Hapana, mama mkubwa, sijaoa, na usianze. Shikamoo kwanza. Niko hapa stendi Same, nimekalia boksi la soksi na chaja. Basi la Dar limeondoka na hakuna aliyenunua hata pini, ndiyo nikapata nafasi ya kukuandikia. Shamba lako la tangawizi kule Myamba lipo. Magugu nayo yapo, tena yamenawiri kuliko tangawizi yenyewe.

Ila leo sikuandikii habari za shamba. Nina hasira. Hasira mpaka wenzangu wananiuliza, "Vipi, mbona leo hutuchekeshi?"

Juzi limepita gari la matangazo: hospitali inaangalia vinywa bure, hasa wavuta sigara na watu wa ugoro. Bure, na mimi unanijua. Nikaenda nikijua nitarudi na mswaki. Daktari wa meno ni dada mmoja mpole. Akanishika ulimi na kitambaa, akauvuta huku, akauvuta kule, akachungulia chini yake. Akanishusha mdomo wa chini kwa kidole, akapapasa mashavu, akapapasa shingo. "Uko salama, kaka. Mwingine!"

Mama mkubwa, chipsi mayai inachukua muda kuliko hiyo.

Nikabaki nimekaa. Nikamwuliza, "Dokta, hii kitu imeingia lini nchini?" Akacheka. "Siyo kitu kipya, kaka. Tunaangalia tu kama kuna dalili za saratani. Ikionekana mapema, inatibika."

Tunaangalia tu! Nimetoka pale machozi yananitoka, foleni nzima wakadhani nimeng'olewa jino. Mzee mmoja aligeuza akarudi kwake.

Maana wewe si kwamba hukwenda. Ulikwenda! Ulishuka kutoka mlimani na kanga yako nzuri, nikakusindikiza mwenyewe mpaka kwa yule wa meno wa hapa mjini. "Jino gani linauma, mama?" "Hili." Kang'oa. Umerudi, bado panauma. "Au hili?" Kang'oa na hilo. Anang'oa kama anavuna karanga! Na kidonda kiko hapohapo chini ya pua yake, ndani ya mdomo, pale ulipokuwa unaweka ugoro wako. Kidole kimoja tu cha kushusha mdomo. Kidole! Si anavyo kumi?

Ukaanza kukataa makande. Mpare anakataa makande, na ukoo mzima umekaa unasema labda hayajaiva!

Na wewe nawe. Najua marehemu hasemwi, lakini wewe nitakusema. Kila ukienda kwa daktari unasukutua kwa chumvi kama unakwenda kupokea meza ya Bwana, ili akina mama wa kwaya wasijue. Kule Moshi tulikokupeleka baadaye, yule daktari wa kwanza kukushusha mdomo alikupapasa na shingo. Kisha akauliza, "Mama, unatumia ugoro?" Ukamjibu, "Mimi? Mimi naimba kwaya." Na fundo la ugoro liko kwenye pindo la kanga, nalisikia harufu kutoka mlangoni! Nilitaka kucheka. Halafu nikaona uso wa daktari.

Ulikuwa unaupachika ugoro palepale panapouma ili pafe ganzi. Wote huko juu mnafanya hivyo, mnaita dawa ya jino. Dawa gani hiyo, mama mkubwa? Dawa gani?

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho kimenifanya niandike. Mdogo wako, mama yangu, ana doa jeupe ndani ya mdomo. Palepale pa ugoro. Nimeliona alipokuwa anacheka. Nikamwambia twende kwa yule dada. "Ni chai ya moto tu, mwanangu, acha utani." Mara moja tu maishani sifanyi utani, ndiyo ananiambia niache utani! Nikamwambia hatoki hospitali na jino pungufu, na kwaya haitajua. Akatazama picha yako pale ukutani, akasema, "Jumatatu."

Jumatatu nampeleka. Nitasimama hapohapo nihesabu vidole vya daktari.

Lakini nyie wawili nawajua. Mmoja akienda kisimani, mwingine anafuata na ndoo. Kwa hiyo tufanye biashara, mimi na wewe, kama ulivyonifundisha kwenye tangawizi, bei moja, hakuna kuzungushana. Wewe usimwite. Akikutaja usiku, jifanye umelala. Mwache kwangu. Mimi, Krismasi nikipanda Myamba, napalilia shamba lako lote kwa mikono yangu, na kaburi lako nalifagia. Na nitaoa. Haya, umesikia, nitaoa! Ila mama awepo, apige vigelegele kwa mdomo wake mwenyewe.

Lala salama, mama mkubwa. Kama umekubali, nyamaza tu hivyohivyo, nitajua.