Omar Kaninyima Mkono

Jumatano, 18 Machi

Nimetoka kuchimba muhogo. Mmoja mkubwa kama paja la mtu. Vijana wa siku hizi hawautoi ule bila kuukata. Mie nimeutoa mzima.

Redio inasema maradhi yamefika bara. Skuli zimefungwa. Watoto wanapiga kelele njia nzima, wameona sikukuu. Bi Mize, mke wangu, kaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Nimemwambia mtu anayetawadha mara tano kwa siku hafundishwi kukosha mikono.

Kasema, "Basi kosha ya sita, bwana."

Nimekosha ili anyamaze.

Siogopi. Kipindupindu kimepita hapa Mgogoni na mie nipo. Surua imepita. Malaria yenyewe imenichoka.

Ijumaa, 20 Machi

Imamu kasema tuache nafasi baina ya mtu na mtu. Mie nimefundishwa saf ni bega kwa bega. Nimemsogelea wa ubavuni. Kasogea. Nimemfuata. Kasogea tena. Kabla ya takbiri tushafika ukutani. Imamu kageuka kuangalia saf, akaniangalia mie tu.

Baada ya sala, barazani, kila mtu ana lake. Mmoja kasema maradhi haya hayapendi joto. Mwengine kasema ni ya watu wa mahotelini, masikini hayamjui. Mie nimesema Pemba hayaingii. Hewa yetu yote karafuu, na karafuu ni dawa. Wamenyamaza. Nikizungumza watu hunyamaza.

Jumanne, 24 Machi

Ndimu na tangawizi zimekwisha sokoni. Bi Mize anazo, kaziweka kabla ya watu. Anatufukiza jioni, mie na yeye chini ya shuka moja, chungu katikati. Kama maharusi. Nimecheka mpaka mvuke ukanipalia.

Ijumaa, 27 Machi

Omar Shaame kaninyima mkono.

Mlangoni mwa msikiti, watu wote wapo. Nimemtolea mkono kama kila Ijumaa. Yeye wake kautia mfukoni mwa kanzu. Kasema asalamu alaykum, kapita. Mkono wangu umebaki hewani. Nimejidai najikuna.

Omar ni jirani yangu. Mlango wake unatazama wangu, baina yetu njia tu. Tumepanda mikarafuu kuchuma pamoja tokea ujana, mie wa kwanza kwa kasi, yeye wa pili. Hakuna mtu niliyekaa naye duniani kuliko yeye, hata Bi Mize.

Nimeumia. Naandika kama ilivyo.

Jumamosi, 28 Machi

Kwetu mtu hanyimi mkono kwa kusahau. Miaka ile ya vyama tulinyimana. Duka hili letu, lile lao. Kisima hichi chetu wasichote, kile chao tusichote. Watu hawakuzikana, ndugu kwa ndugu. Mie nilikuwa huku, Omar kule. Tulipishana njiani kama miti. Siku tuliyopatana tulipeana mkono pale pale mlangoni mwa msikiti, na wazee walilia.

Sasa mwaka huu uchaguzi. Na wiki iliyopita tulibishana barazani, nikamshinda. Basi ndiyo hayo. Kashindwa maneno, karudi kule kule.

Bi Mize kasema huenda ni haya maradhi tu. Nimemwambia Omar haogopi hata nyoka. Nilimwona mwenyewe kamshika mkia.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimetoka msikitini kwa mlango wa pili. Sitaki kumkuta.

Alhamisi, 9 Aprili

Sheha, serikali yetu hapa kijijini, kapita nyumba kwa nyumba. Harusi hakuna. Matanga watu wachache. Muuza kahawa asigawe vikombe. Mgeni akitoka ng'ambo itolewe taarifa. Wanasema wapo wanaoingia kwa vidau usiku kutoka Mombasa, wameshuka upande wa Gando. Sijui. Siku hizi kila mtu anajua, na hakuna aliyeona.

Bi Mize kanishonea barakoa kwa sarawili yangu ya zamani. Naivaa kidevuni.

Omar kapita na jembe. Hatukusalimiana. Kanyanyua kidevu kidogo. Mie nimeangalia kuku.

Jumamosi, 25 Aprili

Ramadhani ya kwanza.

Miaka yote wanaume wa njia hii hufuturu kwangu, upenuni. Mkeka wangu ndio mkubwa. Kila nyumba inatoa sahani yake, tunakula sinia moja, mikono yote ndani. Mpita njia tunamshika kwa nguvu akae. Haijapata kutokea mkeka wangu ukapwaya.

Sheha kasema mwaka huu kila mtu ale ndani kwake. Nimetandika. Nimesema wataona mkeka, watakuja.

Mvua ikanyesha. Adhana ikalia. Hakuja mtu. Nimekula tende peke yangu, sinia lote mbele yangu. Mlango wa Omar umefungwa, taa inaonekana kwa chini. Tambi zilikuwa nzuri. Sikuzimaliza.

Jumanne, 28 Aprili

Nimetandika tena. Hakuna mtu. Paka.

Bi Mize kasema, "Ingia ndani ule na mie. Au mie si mtu?"

Nimeingia. Nimemwoa huyu tukiwa watoto, na Ramadhani sijapata kukaa naye kufuturu. Mie nje na wanaume, yeye jikoni na wanawake wenzake. Sikujua kama anapenda uji uwe na pilipili manga nyingi hivyo. Sikujua anakula haraka kuliko mie.

Mkeka nimeukunja.

Jumapili, 3 Mei

Bi Mize kaleta habari kutoka uani. Bi Salama, mke wa Omar, kamwambia. Omar ana pumu. Imemrudi tangu msimu uliopita wa karafuu. Alfajiri hukaa kitako kitandani anatafuta pumzi. Daktari wa mjini Chake kamwambia haya maradhi yakimfika hatoki, asishike mtu mkono, asikae katikati ya watu. Omar hakutaka ijulikane. Aliona haya. Mpandaji mikarafuu hana pumzi, watu watasemaje.

Nimekasirika. Mie si watu. Mie ni Faki. Angeniambia mie.

Bi Mize kasema, "Angekwambia, ungelitangaza barazani."

Si kweli.

Kidogo kweli.

Basi si siasa. Nilikosea. Lakini siendi. Yeye ndiye aliyeninyima, yeye aje.

Ijumaa, 8 Mei

Omar kapelekwa Chake. Asubuhi, mvua kubwa. Gari limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Wamemtoa juu ya godoro, kifua kinapanda na kushuka, midomo kijivu. Njia nzima wamesimama milangoni. Hakuna aliyesogea. Zamani mgonjwa akitoka hapa, mikono inagombania kumbeba.

Nimetoka kushika ncha ya godoro. Bi Salama kapiga kelele, "Kaa huko huko, shemegi!"

Nimekaa huko huko. Nimerowa. Gari limeondoka.

Sikumuaga. Tokea Machi sijamsemeza. Akifa, neno langu la mwisho kwake ni lile la kumshinda barazani. Silikumbuki hata lilikuwa neno gani.

Jumatatu, 11 Mei

Wanasema Omar kafikwa na hayo maradhi. Hawayataji jina. "Hayo." Mtu mmoja kasema leo kisimani, nyumba ya Omar wasichote hapa mpaka ijulikane. Bi Salama kasimama pembeni na ndoo yake tupu.

Nimemtolea maneno yule bwana. Nimemwambia kisima kilishabaguliwa hapa mara moja, na mie nilikuwepo, na ilitutosha. Katia ulimi ndani.

Nimemchotea Bi Salama mwenyewe. Ndoo mbili mbili, mzee wa umri wangu, wala sikupumzika njiani. Nimeziweka mlangoni, nikarudi nyuma ndipo akatoka kuzichukua. Kaniombea dua.

Alhamisi, 14 Mei

Omar karudi. Ilikuwa pumu. Wamempa dawa ya kuvuta na wamemwambia akae ndani, asitembelewe.

Alhamdulillahi. Nimesali rakaa mbili, sikumwambia mtu.

Kakaa dirishani. Kakonda. Kaniona. Kanyanyua kidevu. Mie nilikuwa na muhogo mkononi, nikauangalia muhogo. Sijui kwa nini. Moyo ulitaka, shingo haikugeuka.

Jumatano, 20 Mei

Nimekwenda Chake kununua vitu vya Idi. Bi Mize hakutaka. Nimemwambia tangu nimuoe hatujakaa Idi bila halua na mwaka huu si wa kuanzia. Soko limejaa. Watu wanasukumana kama hakuna kitu. Kwenye gari tumebanana, na jirani yangu anakohoa kwenye kiganja. Barakoa kidevuni. Joto.

Halua nimeipata nzuri. Mie najua kuchagua halua.

Jumamosi, 23 Mei

Tokea jana nna homa. Mwili wote unauma, koo kavu, na si kwa funga. Bi Mize nimemwambia ni jua. Jua lenyewe liko wapi, mvua wiki nzima. Hakuamini. Kanipeleka upenuni nikae kwenye hewa.

Alasiri mlango wa Omar ukafunguka. Katoka kwa fimbo, kanzu safi. Kavuka njia polepole. Nikafahamu. Hapa mtu haingii Idi na kinyongo, hupita akaomba radhi nyumba kwa nyumba. Omar kaja kwangu kwanza. Mkono keshautoa tokea katikati ya njia. Watu wanatazama.

Nimeutaka ule mkono. Miezi hii yote nnautaka.

Nimenyanyuka, nimerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mikono nimeificha nyuma.

Omar kasimama. Uso wake umeshuka. Uso ule naujua, nilikuwa nao mie siku ile mlangoni mwa msikiti. Yeye siku ile hakusema kwa nini. Mie nimesema kwa sauti, njia nzima ikasikia.

"Usinisogelee, Omar. Nna homa tokea jana. Kifua chako hakitostahamili."

Nyumba mbili tatu zimefunga milango hapo hapo. Nimesikia makomeo.

Omar kasema, "Yakhe, weye unaumwa?"

"Naumwa."

"Weye Faki?"

"Mie Faki. Unataka niapie?"

Kacheka mpaka akakohoa, nami nikaogopa kile kikohozi kuliko homa yangu. Kisha kafuta macho kwa mkono wa kanzu. Kasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Nimesema nimesamehe, na yeye anisamehe, na arudi ndani sasa hivi, unyevu haumfai. Karudi. Kila hatua mbili anageuka kuniangalia.

Jumapili, 24 Mei

Idi. Nimesikia takbira kitandani. Mara ya kwanza maishani sikwenda kusali Idi. Halua haina ladha. Bi Mize anasema ni nzuri. Mie kama nakula nta.

Jumanne, 26 Mei

Homa. Sheha kasimama njiani, kauliza kwa mbali. Nimemjibu dirishani. Kasema nisitoke. Hakuna anayepita karibu na nyumba yetu, wanazunguka kwa mgombani.

Bi Mize nimemwambia alale chumba cha pili. Kakataa. Tumegombana. Kalala mlangoni mwa chumba, si ndani, si nje.

Naogopa. Si kwa ajili yangu. Mie nimeshakula miaka yangu. Yeye, kwa sababu ya halua.

Ijumaa, 29 Mei

Asubuhi nimekuta ndoo mbili za maji mlangoni. Bi Salama. Na kibakuli cha mchuzi wa samaki changu kimefunikwa kawa. Nimesikia harufu ya ndimu. Nimeisikia kweli.

Jumamosi, 6 Juni

Homa imeondoka. Nimetembea mpaka mwisho wa njia na kurudi bila fimbo. Bi Mize hakuumwa hata kichwa. Kila alfajiri namuuliza mpaka kakasirika. Ilikuwa hayo maradhi au homa ya mvua, sijui. Hakuna aliyenipima. Watu wanataka niwaambie, na mie sina la kuwaambia.

Alasiri Omar kakaa mlangoni kwake, mie upenuni kwangu. Njia katikati. Tunazungumza kwa kupiga kelele, maana masikio yetu yameshazeeka. Bi Mize anasema tupunguze, kijiji kizima kinajua sasa Omar anavuta dawa mara ngapi na mie tumbo langu lina nini. Omar kasema wasikie, watapunguza kutusumbua kwa maswali.

Mvua imekatika kidogo. Nimemuuliza mpunga wake bondeni umeotaje. Kasema umeota vizuri, mwaka huu kajitahidi, hajui kama nimeuona.

Nimeuona asubuhi. Wangu umeota zaidi. Sikumwambia.