Malka ya Teni

Jumatano, 3 Februari 1999
Garsen. Joto la kuua. Rafiki yangu Swaleha kaja sokoni na ndizi za mama yake, kaniachia kitabu. Mjomba wake anafanya kazi hotelini Malindi, wazungu wakiondoka wanaacha vitabu vyumbani. Cha Kiingereza, kinene, jalada halipo. Akaniambia: Dosa, ukikianza chakula kitaungua. Nikamcheka. Tangu tumalize fomu foo sina kazi ila kungoja risalti na kusikiliza matangazo ya vifo redioni. Haya, tuone.

Alhamisi, 4 Februari
Chakula kiliungua.

Jumamosi, 6 Februari
Nimemaliza! Lo! Kumbe mtu anaweza kukaa chini akaandika dunia ambayo haipo, na mimi huku nikaiogopa kuliko hii yangu?
Ni miaka ijayo. Mito yote imezungushiwa ukuta. Maji yanagawiwa langoni, kikombe kimoja kwa mtu. Kuna msichana, Teni, rika langu. Kachaguliwa kulinda lango, kavishwa ufunguo shingoni — naye anaringa! Hapo nilimchukia kabisa. Halafu siku moja kwenye foleni, anayerudishwa bila maji ni mdogo wake mwenyewe. Na Teni ndiye wa kumrudisha.
Nililia, wallahi. Mama akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikamweleza. Akasema, pilipili usiyoila yakuwashiani? Akarudi jikoni. Nikatoka nje. Ng'ombe wa watu walikuwa wanateremka mtoni, vumbi mpaka mbinguni. Nikasimama kuwatazama wakinywa. Nimewaona maisha yangu yote, na leo nilishindwa kuondoka.

Ijumaa, 12 Februari
Cha pili, Swaleha kanitumia kwa mama yake, nimekimaliza siku mbili tu. Teni ametia ufunguo kwenye kufuli. Nikafunua ukurasa — hakuna ukurasa! Kimeisha! Huyu mwandishi hana huruma hata chembe.
Viko vitatu. Cha tatu anacho Swaleha, bado anasoma, na wiki hii hakuja sokoni. Nikifumba macho naona kufuli. Nikifumbua naona kufuli. Sijawahi kupenda kitu namna hii, hata aibu naona.

Jumapili, 14 Februari
Leo nilikuwa na Akko, bibi yangu mzaa baba, tunafukiza vibuyu vya maziwa. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuuzia tu. Nikamsimulia habari za Teni kwa Kiorma, mwanzo mpaka kwenye kufuli. Aliacha moto ukazimika.
Akauliza swali moja: malka yao iko wapi?
Malka! Njia ya ng'ombe wetu Waorma kukatiza mashamba mpaka mtoni. Wapokomo, watu wa kina Swaleha, wanalima huku na huku, lakini pale katikati hapapandwi hata punje moja ya mahindi, tangu mababu wa pande zote mbili walipoapiana. Vitabu viwili vizima nimesoma, sikuliwaza hilo. Nikasema, hawana, Akko. Akasema, basi hao wamevunja kiapo.

Alhamisi, 18 Februari
Kila jioni Akko ananiuliza: mtoto amefungua? Leo baada ya maghribi nimemsikia anamwombea dua. Teni! Kwa jina! Nikamwambia, Akko, hiyo ni hadithi tu. Akaniangalia kwa huruma. Hadithi gani, akasema, isiyo na fisi?
Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatatu, 22 Februari
Sicheki tena.
Akko aliwasimulia wenzake wanaouza maziwa. Wao wakapeleka mbele. Leo sokoni habari ndiyo hiyo: mto unafungwa, lango tayari, kuna msichana amepewa ufunguo. Hadithi haina fisi, kwa hiyo ni habari! Kufika saa tisa lango lilishapata na mahali — kijijini kwa kina Swaleha, mbele kidogo ya Idsowe.
Najua kwa nini pale. Mafuriko ya El Nino yaliuhamisha mto. Malka ya zamani sasa ni mchanga mtupu. Ng'ombe wakitaka maji ya karibu lazima wapite kwenye mahindi mapya ya Mzee Nuhu, baba yake Swaleha. Tangu Idi yeye na vijana wetu wanavutana. Na mvua hakuna.
Kaka yangu Huka amekuja nyumbani macho mekundu. Ati mwenye ufunguo ni binti Nuhu. Swaleha wangu! Nikamwambia, Huka, hicho ni kitabu, ninacho hapa, tazama! Akasema, lisemwalo lipo. Akaendelea kunoa mkuki wake.

Alhamisi, 25 Februari
Vijana wamepanga Jumamosi. Ng'ombe wote kwa pamoja, kupita mahindini, atakayezuia na azuie. Nimeshindwa kula. Mtu atakufa kwa sababu ya domo langu.
Nimemweleza Baba kila kitu. Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka. Akanichukua mpaka kwa Mzee Boru, ambaye vijana hawawezi kumpita bila ruhusa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: umeianzisha wewe, utaimaliza wewe. Mbele ya wote, wetu na wao.
Mimi! Mbele ya wanaume!

Jumamosi, 27 Februari
Naandika hapa hapa, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, la sivyo nitapasuka.
Wanaume wameswali adhuhuri pamoja, safu moja. Walipotoa salamu, kila mtu akarudi upande wake. Ng'ombe wamezuiliwa nyuma ya vichaka. Wanalia kwa kiu. Mto unaonekana kabisa, ng'ambo ya mahindi.
Nilisimama. Nikasimulia yote kwa Kiswahili, Mzee Boru akiwafasiria kwa Kiorma wasiojua Kiswahili. Nilipofika kwa mdogo wake Teni, mzee mmoja wa Kipokomo akasema, astaghfirullah! Huka alikaa chini. Mkuki hakuuachia. Watu wazima, wenye mvi, wote wanamngoja Teni! Sikujua maneno yana nguvu hivi. Nilijiogopa mwenyewe.
Nikamaliza: ni kitabu. Hakuna lango, hakuna aliyefunga kitu.
Mzee Boru akamgeukia Mzee Nuhu. Umesikia, bwana, ni kitabu tu. Nawe sema hivyo, tukanyweshe, tuelewane njia.
Mzee Nuhu akageuka kutazama mahindi yake.
Swaleha, pembeni yangu, akanifinya mkono. Dosa, akaninong'oneza, miti ya uzio imekatwa. Juzi. Iko nyuma ya nyumba yetu, na seng'enge juu yake.
Yule mwandishi, huko kwao, mto wetu Tana hajauona hata kwenye ramani — alijua! Akko alijua! Ni mimi tu niliyewaambia watu hakuna lango.
Kitabu cha tatu kiko mapajani mwa Swaleha. Nikamwuliza: Teni alifungua? Akasema, sijafika. Niliogopa kufika.
Ndipo Mzee Nuhu akainuka. Anasema, taratibu, kila mtu asikie: binti yangu ndiye mwenye kitabu cha mwisho. Basi asimame atusomee. Huyo mlinzi wa lango alifanya nini?
Ya Rabi! Hajafika! Najua mimi peke yangu.
Swaleha amesimama. Amekwenda mpaka pale mahindi yanapoanzia, mbele ya baba yake. Nyuma kule ng'ombe wamesikia harufu ya maji, vijana wanapiga kelele, hawawawezi tena.
Amekifungua kitabu. Anasoma kwa sauti: Teni akafungua.
Amekishika juu chini; hasomi, anatunga. Hakuna anayeona ila mimi.
Vumbi linakuja. Huka ameinuka. Mzee Nuhu haangalii ng'ombe wala mahindi, anamwangalia binti yake. Anamwuliza: halafu?