Rangi ya Kucha Kwenye Giaboksi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya tanuri la mikate,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo wewe na mkaza mjomba? Mgongo bado unakusumbua? Sisi wazima. Mtoto ameota jino la pili, sasa ananing'ata akinyonya, na hata hilo nalipenda.

Mjomba, lile gari ulilonipa ndilo linalonipa kazi ya kusambaza mikate. Mwezi jana nililipeleka kwa fundi mmoja wanayemwita Bingwa anirekebishie klachi. Likalala kwake siku mbili. Wiki haikuisha, gia zikaanza kusaga, rivasi ikafa kabisa. Mwenye tanuri akasema nisiporudi barabarani Ijumaa, njia yangu anampa mwingine.

Nikamrudia Bingwa. Akacheka mbele ya wateja: "Mama mtoto, hapo ni giaboksi nzima, na lazima injini ishushwe. Hii si kubadili nepi!"

Nikaenda kulala chini ya gari, nikatafuta ile rangi nyekundu ya kucha unayopaka kila nati ya giaboksi ukishaikaza. Hakuna hata tone. Alinibadilishia giaboksi!

Nikazunguka maduka ya vipuri, yetu nikaikuta kwa muuzaji mmoja, imekaa rafuni na wekundu wake. Nikaketi mlangoni kwake nikinyonyesha, kila mteja nikimweleza kuwa ile Bingwa aliichomoa kwenye gari langu. Hata adhuhuri haijafika, akasema, "Dada, niletee hiyo mbovu, chukua yako, uniondokee."

Injini sikuishusha ng'o. Nililiweka gari juu ya stendi, jeki nyingine nikaitegemeza chini ya injini na ubao katikati, nikachomoa shafti, giaboksi mbovu ikatoka kwa ubavu. Baba mtoto alinipokeza spana kwa ncha za vidole, ushonaji umemharibu. Kurudisha ile yetu ndiko kulinitoa jasho. Sahani ya klachi niliifunga kwa kukisia kwa macho, giaboksi ikagoma kuingia. Nikaifungua sahani upya, nikailenga kwa mpini wa mwiko niliouzungushia utepe hadi ukaenea tundu lake la katikati. Giaboksi ikaingia yenyewe! Ugali siku hiyo ulinuka grisi.

Ijumaa, kabla ya kupakia mikate, nilipita kwa Bingwa. Sikuingia kwa mbele. Niliweka rivasi, nikaingia gerejini kinyumenyume, polepole, mpaka akaruka na stuli yake. Nikawaita wateja, nikawamulikia zile nati nyekundu nilizozipaka upya. Nikawaambia, "Yangu Bingwa aliibadilisha. Za kwenu mnazijua?" Hapohapo wawili wakalala chini ya magari yao.

Najua utaniambia nisamehe. Nitasamehe, Mjomba, ila si mwezi huu. Bado naonja utamu.

Nisalimie mkaza mjomba, bibi, na binamu yangu Kifundo, mwambie aache kuazima spana zako. Mungu akunyooshee mgongo, uje umwone mjukuu. Ukija, niletee rangi nyekundu ileile. Yangu imeisha: jana majirani watatu walikuja niwapakie nati zao.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Mama Mtoto