Meza ya Tangi Inaelekea Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimepangusa kioo. Nimewalisha samaki. Nimepima maji kwa kidole, kama jana. Upande wa ukutani, kutoka ukingoni hadi kwenye maji ni vidole viwili. Upande wa mlangoni, kidole kimoja. Maji hayasemi uongo. Tangi limeinama.

Tangi ni langu. Zamu yangu ya likelemba, pesa tunazochangiana wanawake kwa zamu, yote iliingia humo. Wateja wa saluni wanasukwa huku wanawatazama makoke, samaki wadogo wa ziwa la Tshangalele, wakizunguka, wanasahau kulalamika kwamba navuta sana. Hakuna saluni nyingine hapa Kikula yenye kitu kama hiki.

Meza ya kulibeba aliitengeneza baba mkwe. Seremala wa zamani, tunaishi naye tangu mama mkwe afariki. Mbao za mulombwa, nzito, nzuri kweli. Lakini hakutumia pimamaji. Alipapasa tu, akasema imekaa. Na mimi siwezi kumwambia kitu. Kwa ukoo wao mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Hata chumvi simpi mkononi. Naiweka kwenye kigoda, naondoka, yeye anaichukua.

Mwenye macho hana mdomo. Nimekasirika tangu asubuhi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Freddy, mume wangu. Nimemweleza alichonionya fundi wa vioo: tangi likiinama uzito unalalia upande mmoja, kioo kinavumilia, kinavumilia, kisha kinapasuka bila hodi. Nikamwomba aongee na baba yake. Mtoto wa kiume hana mwiko wa kuongea na baba.

"Achaka tu, mama. Papa ni muzee."

Basi. Akarudi kwenye simu yake. Mwanaume mzima anaogopa meza.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Umeme hakuna. Vidole vile vile.

Alhamisi, 6 Machi
Leo baba mkwe alipotoka kuota jua, nilitoa nusu ya maji, nikanyanyua upande wa mlangoni kwa ubao, nikasukuma makatoni yaliyokunjwa chini ya miguu miwili. Jasho. Nikajaza tena. Maji yakakaa sawa, nikacheka peke yangu.

Jioni makatoni yako mlangoni, yamepangwa vizuri kama nguo za kanisani. Tangi limeinama tena. Na maji yamejaa! Ameyavuta makatoni tangi likiwa limejaa! Mzee huyo ana nguvu za kuniudhi tu. Kila siku anapita na kiganja chake juu ya meza na miguuni, kama anapapasa mbuzi wa kununua, kisha anaguna kwa kuridhika. Kiburi. Sijui jina lingine.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho sikukuu ya wanawake. Kila mtu anataka kusukwa leo. Vidole vinauma. Sikupima.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya jambo.

Asubuhi niliona tone kwenye kona ya chini, upande wa mlangoni. Nikalipangusa. Likarudi. Silikoni imeanza kuachia. Wateja wanne ndani, wamevaa pagne mpya za sikukuu, wawili hawajamaliza kusukwa. Nikawahamishia samaki kwenye beseni la kuoshea nywele, naminya midomo nisitukane. Ndipo baba mkwe akaingia, akaweka kiganja juu ya meza yake, akaguna kwa kuridhika.

Nikapayuka. Mbele ya watu wote.

"Papa, hii meza iko ya kombo! Ya kombo! Kila siku miye napima, kila siku weye unaharibu! Kioo yangu ikipasuka, utanipa ingine?"

Mzee akageuka, akashika fremu ya mlango, akatoka. Mteja mmoja akasema taratibu, ee mama, baba mkwe? Nikamwambia ageuze kichwa nimalizie.

Sijutii. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba leo sijutii.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani pasta amehubiri juu ya ulimi. Nadhani Freddy alimpigia simu.

Baadaye akaja Yaya Mado, dada mkubwa wa Freddy. Mimi ndiye niliyekosa, ukoo unasema. Faini ni kuku, nimpeleke kwa mzee, Mado akiwa mtu wa katikati. Kuku! Kioo ni changu, silikoni ni yangu, na kuku pia ni wangu. Freddy alikaa anakubali kwa kichwa. Nimemwandalia chakula chake, nikakifunika kwa sahani kwa kelele.

Jumatatu, 10 Machi
Saluni imefungwa. Nimeosha sakafu. Nilimwaga ndoo kule ukutani, maji yakapita chini ya meza, yakaenda yenyewe mpaka mlangoni, yakatoka nje.

Nilisimama na ufagio.

Nyumba hizi za zamani za kampuni ya migodi ziko hivyo zote. Sakafu ilimwagwa kwa mteremko ili maji ya kuosha yatoke. Miaka yote naosha hapa, sikuwahi kujiuliza kwa nini sihitaji kusukuma. Nikalishusha tangi, lililokaushwa tangu Jumamosi, nikaburuta meza, tupu, mpaka kwenye saruji ya barazani. Nikaweka bakuli la maji juu yake. Sawa kabisa. Kila upande.

Meza haina kosa. Nyumba ndiyo ya kombo.

Na bado nina hasira. Mbaya zaidi, sasa haina mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Tumepeleka kuku. Mzee alikuwa uani, juani. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa, macho chini, nikamweka kuku mbele yake, miguu imefungwa. Yaya Mado akasema maneno. Mzee akanyoosha mkono kupokea.

Mkono ukaenda upande. Ukapapasa mchanga. Ukashika kikapu cha Mado. Kuku alikuwa analia palepale, mbele ya magoti yake.

Niliinua macho. Tangu niolewe, mara ya kwanza. Macho yake ni meupe kama maji ya mchele.

Mado akanivuta pembeni. "Papa haone tena. Tangu mwaka ya jana. Alitukataza tuseme. Meza njo kazi yake ya mwisho, alisema ikuwe yako."

Wote walijua. Freddy alijua. Mimi peke yangu, ninayempikia kila siku, sikujua, kwa sababu nilikuwa na adabu. Makatoni aliyasikia kwa vidole, akadhani ni takataka imenasa chini ya kazi yake.

Freddy aliporudi nilimpigia kelele mpaka jirani akazima redio. Halafu nikalia. Kwa hasira, si kwa kingine.

Alhamisi, 13 Machi
Nimebandua silikoni ya kona, nimepaka mpya. Iachwe ikauke. Samaki bado kwenye beseni. Wateja wanaoshwa nywele kwa ndoo. Atakayenung'unika aende kwingine.

Nimemtuma Mado kwa mzee: meza ni nzuri, sakafu ndiyo mbovu, tufanyeje? Jibu limerudi kupitia Mado: miguu ya ukutani ipunguzwe. Asiingize mtu mwingine mkono. Atapunguza mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumsomea pimamaji.

Freddy yuko kazini Kakanda mpaka wiki ijayo.

Jumapili, 16 Machi
Tumefanya jana, tumejaza leo.

Yeye alilaza meza, akapiga randa miguu miwili ya ukutani. Kidogo, anapapasa, kidogo tena. Mimi nikaisimamisha na kuweka pimamaji juu. Mado hakuja. Nadhani alifanya makusudi. Nilikaa nimefunga mdomo, tone la hewa ndani ya pimamaji linakimbilia upande wa ukutani, yeye anasubiri, kichwa kimeinama upande wangu.

Nikasema bado, papa.

Akalaza meza tena. Randa. Bado, papa. Randa. Hapo.

Leo nimetandika frigoliti juu ya mbao, ile nyeupe, nyepesi, iliyokuja imezungushia televisheni, ili kioo kisikae juu ya kitu kigumu. Maji polepole. Nimepima kwa kidole. Kona zote nne, kimoja na nusu. Kona ya chini kavu.

Makoke wamerudi. Kuku hajachinjwa, anatembea barazani.

Mzee alikuja jioni, akasimama mbele ya tangi, akaweka kiganja kwenye kioo. Akauliza samaki wako wapi. Nikauchukua mkono wake, nikausogeza walipokuwa.