Kuni Zako za Mcharaka

Marui, Kisarawe
9 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Hamidu,

Asalaam aleikum. Salamu nakupa maana ni haki yako, siyo kwamba nimefurahi. Huko Mwanza kama wazima, sawa. Sisi huku matumbo ndiyo kwanza yanatulia.

Naandika kwa mkono wangu huu mbovu kwa sababu simu yako siipokei. Ukiona mwandiko mbaya vumilia, mimi nilivumilia kuni zako.

Unajua toka marehemu baba yako yuko hai, mbuzi wa harusi hapa Marui hachomwi bila mimi. Nachoma kwa mkwaju na mkambala, basi. Mkwaju kaa lake linakaa, mkambala moshi wake mtamu. Hajazaliwa mtu wa kurudisha nyama yangu.

Sasa harusi ya dada yako Swaumu, wewe umejichimbia huko, unaagiza kuni kwa simu kwa mtu wa Misugusugu. Kirikuu ikaja imebeba kuni, dereva anasema msandali huo, eti unanukia. Nikachanja, nikanusa. Nikawaambia huu mcharaka, ukichomea nyama, moshi wake unawaharisha walaji. Wakakupigia, wakaweka spika, wakwe wa Ruvu wote wanasikia. Ukasema nini?

"Baba mdogo kazeeka, pua imekufa. Chomeni."

Watu wakacheka. Nikafuta kisu changu nikaenda zangu ndani. Jioni ile harusi nzima inagombea choo kimoja. Baba mkwe wa Swaumu aliingia kwenye mihogo yangu na kanzu yake nyeupe. Nilicheka kidogo tu.

Lakini hao wakwe hawasemi kuni. Wanasema mzee aliondoka na kinyongo, kairoga nyama. Yaani mimi, Shomari, mchawi. Juzi Swaumu kapeleka ndizi nilizompa, mama mkwe kazimwaga mbele yake. Mtoto wa watu analia kwenye ndoa changa.

Kwa hiyo utapiga simu Ruvu. Waambie waweke spika, kama siku ile. Useme kuni zilikuwa zako na pua iliyokufa ni yako. Ukimnong'oneza mkwe peke yake, sikubali.

Kuni zilizobaki nimezifungia chumbani kwako. Ukija na kiburi, kuku wako nitamchomea hizo hizo.

Nisalimie mkeo Naila, yeye hana kosa. Shangazi yako Tatu anakusalimia kwa ufupi, alikula nyama nyingi siku ile. Mungu akupe afya, na ulimi wa kusema kweli.

Mimi baba yako mdogo, nitakupenda tena ukishapiga,

Shomari