Mtungi Namba Arobaini na Moja

Manyatta, Kisumu
Jumapili

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mwili ni mzima. Wewe goti linaendeleaje, na mjukuu wako Sheryl anakula vizuri sasa? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka kwa sauti kubwa na Pap Onditi nzima husikia. Metrine, jirani yangu hapa anayekuja huko, atakupa barua hii mkononi. Isome peke yako kwanza.

Ile mitungi ya kuchuja maji tuliyogawa huko kwenu mwaka jana imepata kampuni. Wanataka kuitengeneza kwa maelfu na kuiuza mpaka Awasi. Mkubwa wangu, Bwana Griffin, anasema nanoteknolojia yetu sasa itatoka maabara iingie sokoni. Unakumbuka nilivyokueleza: udongo unatiwa chembe za madini ya fedha, ndogo mno, na hizo ndizo zinazoua vijidudu. Ukacheka, ukauliza kama wezi hawatauvunja mtungi wakitafuta hiyo fedha.

Wiki jana Griffin alisikiliza sauti yako niliyorekodi, ukisema tumbo lililokusumbua miaka sita limetulia tangu upate mtungi. Alifurahi sana. Alhamisi watu wa kampuni watakuja kwako na kamera, uwe kwenye tangazo. Nasikia umeshamwambia pasta, na fundi Lornah anakushonea nguo.

Mama, hapo ndipo nimechanganyikiwa. Nusu ya mitungi ilitiwa fedha, nusu ikaachwa udongo mtupu ili tulinganishe. Hakuna aliyepaswa kujua upi ni upi mpaka mwisho. Mwezi wa tatu nilikuta orodha mezani, nikaisoma. Wako ni namba arobaini na moja. Hauna fedha hata kidogo. Unazuia matope tu.

Nilinyamaza. Nilijiambia nikisema nitaharibu utafiti, lakini pia niliogopa kupoteza kazi. Mwezi wa tano Sheryl akalazwa kwa kuhara. Ulisema ni mapera mabichi, nami nikakubali haraka mno. Labda ni mapera. Labda ni maji ya silanga, lile bwawa letu, niliyowaacha mnywe. Na kama ni maji, mbona tumbo lako limepona kwa maji hayo hayo? Sijui. Nilifikiria hata kubadilisha namba kwenye orodha, mtungi wako uhesabiwe kuwa na fedha, kila mtu afurahi.

Sikubadilisha. Jana nilimwambia Griffin yote. Akasema, “Mama hajadanganya. Waache waje.” Na kweli hujadanganya hata neno moja. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

Kuanzia leo chemsha maji yote ya kunywa, hata yaliyopita kwenye mtungi. Nitafika Jumatano. Ukinifukuza nitaelewa. Lakini kabla hujakaa mbele ya kamera nataka ujue ulichokuwa ukinywa, halafu uamue mwenyewe utasema nini.

Nisalimie akina mama wa kanisa na wote wa boma. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, niliyejua tangu mwezi wa tatu,
Aloo